Mkubwa Amesema Fora

Habari ilifika kwa Sadia asubuhi, kabla chai haijamiminwa, na aliyeileta ni Kaboni. Jina lake la kuzaliwa ni Mungania, karani wa ofisi ya serikali kutoka milima ya Meru. Watu wa benchi walimwita Kaboni, kama ile karatasi ya kunakilia, kwa sababu kila neno lililotoka kinywani mwa mkubwa wake lilitoka tena kinywani mwake, limefifia kidogo lakini linasomeka.

"Habari zenu wazee. Mkubwa amerudi kutoka Nairobi," alisema, akisukuma watu kwa kiuno apate kukaa. "Amenunua gofu."

Benchi zima lilimgeukia. Lilikuwa benchi la mbao nje ya kibanda cha Sadia, mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, na halikuwa na mazoea ya kupitwa na habari.

"Gofu ni nyumba imebomoka," alisema Koplo. Huyu ni Halkano, aliyestaafu jeshini na cheo kidogo na sauti kubwa. "Mimi nilikaa Lamu na jeshi. Nyumba haina paa, popo iko ndani, watu ya huko wanaita gofu."

"Mshahara yote ile mtu anunue nyumba ya popo?" Sadia aliuliza, birika mkononi.

"Si hiyo," Kaboni alisema. "Hii ni gofu ya mchezo. Amekuja na mfuko ya ngozi refu hivi, ndani fimbo kumi na kitu. Zingine chuma, zingine mti."

"Fimbo kumi za mtu moja?"

Aliyeuliza ni Dabasso, dalali wa mifugo. Jina lake la benchini ni Mizani, kwa kuwa akimtazama fahali mara moja tu hutaja uzito wake, na akikosea hukosea upande unaomfaa yeye.

"Mimi niko na ng'ombe na niko na fimbo moja," aliendelea. "Yeye hana hata mbuzi. Hizo fimbo zote anamchapa nani?"

"Ah, hiyo gofu!" Koplo alidakia, na popo wa Lamu wakasahauliwa bila haya. "Hiyo najua sana. Pale Nanyuki nilikuwa nabebea afande mfuko. Unachimba shimo, unaenda mbali, halafu unapiga kampira kadogo mpaka kaingie kwa shimo. Kakiingia, unakatoa."

"Mbona unakatoa na ulikuwa unakatafutia shimo?" aliuliza Sadia.

"Ukapeleke kwa shimo ingine. Shimo ni kumi na nane."

"Na ukimaliza zote?"

"Unakunywa."

"Si angeanza tu na kunywa? Hapa kwangu hakuna shimo."

Walicheka, Dabasso akacheka kuliko wote. Kicheko kilikuwa bado mdomoni Kaboni alipoendelea.

"Sasa kazi ya mkubwa ni kuchagua. Anataka kiwanja ya nyumbani, ya kila Jumamosi. Halafu anataka kiwanja ya likizo, Novemba. Ya nyumbani ameshaanza kutupia macho ile uwanda hapa nyuma ya Wabera."

Dabasso aliweka kikombe chini. Uwanda ule haukuwa mali ya mtu, na kitu kisicho mali ya mtu ndicho alichokuwa akikitumia kuliko watu wote. Kundi lake kubwa lilikuwa fora, yaani kwenye malisho ya mbali kule kaskazini, ambako wafugaji wa Kiborana hupeleka wanyama wasiokamwa. Lakini ng'ombe wake wa maziwa walibaki mjini, wakilishwa uwandani na mchungaji wake Hirbo. Kati yao alikuwamo Dalacha, ng'ombe wa kijivu, aliyempenda kwa namna ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na mkewe Qabale alikuwa ameshaijua. Maziwa yao ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwake, na ndiyo yaliyokuwa ndani ya birika la Sadia. Aliogopa, tena aliogopa sana. Uwanda ukichukuliwa, Dalacha hana pa kukaa mjini.

"Shimo kumi na nane?" alisema. "Ng'ombe yangu ivunje mguu?"

"Shimo ni kama kikombe tu," Koplo alimtuliza.

"Na kwato ya ng'ombe ni kama nini? Kama sufuria?"

Hapo Sadia naye akaelewa. Alilitazama birika lake, akamtazama Kaboni. "Kaboni, mwambie mkubwa hapa hapana. Achague pengine."

"Pengine wapi?"

Ndipo Dabasso, ambaye mpira wa gofu hajawahi kuuona hata kwa ndoto, akageuka kuwa mshauri wa gofu wa nchi nzima.

"Sikiza, Kaboni, na ukariri vizuri. Kuchagua gofu ni kama kuchagua malisho. Kwanza unauliza nyasi. Pili unauliza maji. Tatu unauliza jirani ni nani na yuko na hasira gani. Hapa Wabera nyasi ni ya kuhesabu na mkono. Mpira ikianguka itaingia kwa miiba, mkubwa atararua suruali, watu wataona kitu ya serikali. Aende Rapsu! Pale kuna mfereji, kijani mpaka macho inauma."

"Rapsu si iko na simba?" Kaboni aliuliza.

"Simba ya Rapsu ni ya adabu."

"Iko na wakulima," alisema Koplo. "Akipiga mpira kwa kitunguu ya mtu, ataona simba afadhali."

"Basi Meru, kwenu. Baridi, nyasi mingi."

"Kwetu ni mteremko," Kaboni alisema. "Akipiga mpira Meru, itafikia hapa Isiolo."

"Basi Nanyuki!"

Koplo alitikisa kichwa kama daktari. "Nanyuki ni nzuri, lakini mkubwa ni mtu ya kuona baridi. Mkono ikiganda fimbo inaruka. Mimi fimbo ya afande iliniruka hapa." Aliinua kofia. Waliona kovu ambalo mwaka jana lilikuwa la risasi ya jambazi.

"Si ulisema ni shifta?" Sadia alimuuliza.

"Shifta pia alikuwepo."

"Kisumu?" Dabasso hakutaka mazungumzo yapotee.

"Kiboko," alisema Koplo. "Anatoka kwa ziwa, anakalia mpira. Nani atamwambia kiboko songa?"

"Basi Mombasa! Wallahi, hiyo ndiyo gofu. Tambarare. Upepo. Kupe hakuna. Maji mingi haiishi."

"Maji ya chumvi," Sadia alisema.

"Ng'ombe si inapenda chumvi?"

"Mkubwa si ng'ombe, Mizani."

"Kwa kuchagua malisho wote ni sawa. Kaboni, mwambie hivi: Mombasa, na akienda akae. Likizo fupi haina faida. Mnyama akihamishwa haraka haraka hanenepi. Akae mwezi mzima, akae hata mbili!"

Kaboni aliondoka akisogeza midomo, anakariri. Dabasso alijiona ameokoa uwanda, akaagiza chai ya pili.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, na Kaboni alilileta amenyoosha mgongo kama bendera.

"Mkubwa anasema asante sana. Anasema tangu azaliwe hajapata ushauri kamili namna hiyo. Likizo atakwenda Mombasa, tena atachukua siku zake zote."

"Alhamdulillahi!" Dabasso alipiga paja.

"Anasema pia hakujua kwamba wafugaji wa Isiolo wanapenda gofu hivyo. Amefurahi. Hataki muwe mnaisikia kwa masikio tu. Kwa hivyo kiwanja ya nyumbani ataweka hapa nyuma ya Wabera, karibu na nyinyi, mkuwe mnaona."

Paja lililopigwa likabaki na mkono juu yake.

Jumamosi ya kwanza ya mchezo Dabasso hakwenda uwandani. Alikuwa mnadani, na hata huko hakuuza kitu. Alimuagiza Hirbo abaki na ng'ombe pembeni kabisa, asiwakaribie watu wenye fimbo. Hirbo ni mtu wa kutii. Inasemekana askari aliwahi kumwambia asimame hapo, akasimama mpaka askari akapewa uhamisho.

Jumapili asubuhi Dabasso alifika kibandani akapewa kikombe. Ndani yake aliona sura yake mwenyewe.

"Sadia, hii ni nini?"

"Turungi. Maziwa haikuja. Nimeenda mpaka kwa nyumba yako, Qabale anasema ng'ombe haikulala boma, na Hirbo haikulala, na wewe ulilala."

Ni kweli alikuwa amelala. Alikuwa amerudi mnadani amechoka, akadhani Hirbo amechelewa tu. Alisimama na kikombe, akakaa, akasimama tena. Hapo Kaboni akafika, amejaa habari za mchezo mpaka haoni nyuso za watu.

"Wazee, jana mlikosa! Mkubwa alipiga mpira, ikapotea upande ya ng'ombe. Akainua fimbo juu, akapiga kelele: Foooraa!"

"Alisema nini?" Dabasso aliuliza polepole.

"Fora. Foooraa!" Kaboni alirudia kwa sauti ileile, mkono umeinuliwa kuelekea kaskazini.

"Ni neno ya mchezo," Koplo alieleza. "Ya Kizungu. Mpira ikienda kwa watu unapiga hiyo kelele, wajifunike kichwa. Hata Nanyuki..."

"Halkano, nyamaza na Nanyuki yako!" Dabasso alikuwa ameshika kichwa, kana kwamba mpira umeshamfikia. "Wewe ni Borana. Umesikia hiyo neno kwa masikio ya Borana?"

Koplo alivua kofia. Wote wakaona kitu kimoja: mtu mkubwa wa serikali, kofia kichwani, fimbo ya chuma imeelekea kaskazini, anaamuru kwa sauti, fora! Na upande wa pili Hirbo, mtu wa kutii, na ng'ombe wa maziwa.

Mchana dereva wa lori lililotoka Merti, kaskazini, alithibitisha. Alikuwa amempita Hirbo njiani, anakwenda kwa haraka. "Nilimuuliza, hawa si ng'ombe ya maziwa, unapeleka fora kwa nini? Akasema mimi pia nimeshangaa, lakini mkubwa amesema fora. Anakwenda Korbesa, kwa malisho."

"Ulimwambia arudi?"

"Nilimwambia. Akasema aliyenituma ndiye atanirudisha."

"Mimi ndiye mwenye ng'ombe!"

"Nilimwambia hiyo pia. Akasema Mizani ni mwenye ng'ombe, lakini serikali ni mwenye Mizani."

Dabasso alimtuma binamu yake na lori lililofuata, binamu akarudi na jibu lilelile. Aliapa kwenda mwenyewe, lakini mvua zilikuwa zimeanza kule kaskazini na njia ya Merti ikakatika. Ikabaki dawa moja tu, mkubwa mwenyewe aseme neno la kumrudisha Hirbo.

"Basi twende kwa ofisi sasa hivi," Dabasso alimwambia Kaboni.

"Hayuko. Ameenda likizo."

"Wapi?"

"Mombasa."

"Anarudi lini?"

Kaboni alikohoa. "Si ulisema likizo fupi haina faida?"

Sadia alicheka mpaka akaegemea nguzo. Dabasso hakucheka. Alipitisha siku nyingi akinywa turungi, na kila akinywa alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema hata mbili. Nyumbani Qabale alimpa uji usio na maziwa, akauweka mbele yake kwa kishindo. Jioni Dabasso alikuwa akipita boma tupu anageuza uso. Alimkumbuka Dalacha, ndiyo hivyo. Mtu mzima, dalali, mwenye sifa soko zima, alimkumbuka ng'ombe wa kijivu.

Mvua ilipofika mjini ilinyesha kweli. Uwanda nyuma ya Wabera ulipata nyasi ambazo watu hawakuwa wamezizoea, na kwa kuwa hapakuwa na mdomo wa kuzila, zilifika magotini, zikaenda kiunoni.

Mkubwa akarudi. Na Jumapili moja, bila kutumwa na mtu, alikuja mwenyewe kwenye benchi, Kaboni nyuma yake. Jina lake Bwana Ntongai, mtu mnene mwenye soksi ndefu, na kwa jua la Mombasa pua yake ilikuwa imebadilika rangi. Benchi lilimpisha akakaa katikati.

"Wazee, habari zenu. Mombasa nilifurahi," alisema. "Lakini hapa nyumbani nimekwisha. Mipira yangu yote imepotea kwa nyasi. Jana nilipiga mara moja, nikatafuta mpaka saa ya chakula. Nilipata kobe."

"Kobe," Kaboni alirudia.

"Mombasa wana mashine ya kukata nyasi. Nikiomba mashine huku, watu wa Nairobi watanicheka. Sasa nyinyi mnaojua gofu, nishaurini."

Sadia alimkanyaga Dabasso mguu. Hakuwa na haja ya kumkanyaga. Uso wa Dabasso ulikuwa umeshapata ile sura ya mnadani, ya mtu aliyemwona fahali mzuri na anamtazama mwingine.

"Mashine iko," alisema. "Lakini iko mbali."

"Ya nani?"

"Yangu. Inakata chini, sawasawa. Haitaki petroli. Na ikikata inaweka mbolea."

Mkubwa alifikiri, akatabasamu. "Unasema ng'ombe."

"Nasema mashine. Ikiitwa ng'ombe watu wanaifukuza."

"Walete basi!"

"Siwezi. Wewe ndiye uliwafukuza." Akamweleza habari yote, fimbo, kaskazini, fora. Mkubwa alicheka mpaka soksi moja ikashuka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Njia imefunguka; nitamtuma Kaboni na lori, akamwambie huyo mchungaji arudi. Na mbele ya wazee nasema, uwanda ni wa ng'ombe na mimi. Hao ni wanachama wa klabu."

"Na ile neno?" Dabasso hakulegeza. "Hiyo neno usiseme tena Isiolo. Kasemee Mombasa."

"Nitapiga kelele gani sasa mpira ikienda kwa mtu?"

Walibishana. Koplo alitaka "lala chini," lakini Sadia alisema Hirbo akiambiwa alale atalala mpaka Idi. Mwisho wakapatana neno "kichwa." Mkubwa alilijaribu papo hapo, mkono juu: "Kichwa!" Punda aliyekuwa akipita barabarani alishtuka, ikaonekana neno ni zuri.

Kaboni alikwenda Korbesa, akasema maneno ya mkubwa bila kupunguza hata kikohozi, na Hirbo akatii. Siku ng'ombe walipoingia mjini Dabasso alikuwa barabarani tangu alfajiri. Alijifanya anatazama miguu ya Dalacha kama ina jeraha, akainama hapo muda mrefu, na watu wenye heshima zao wakatazama kando. Asubuhi iliyofuata chai ya Sadia ilikuwa nyeupe. Koplo alikunywa vikombe vitatu akasema hakuwa ameitamani sana.

Jumamosi benchi zima lilihamia uwandani kuona. Nyasi zilikuwa zimeanza kushuka. Ng'ombe walikuwa wametawanyika, wanachama halali, Dalacha mbele yao. Hirbo alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini, fimbo mabegani. Mkubwa alijipanga, akatikisa makalio kama kuku anayetafuta pa kutagia, akapiga. Mpira ulipaa vizuri, halafu ukakata kona wenyewe, ukaelekea moja kwa moja kwa ng'ombe.

Dabasso alishika pumzi. Lakini mkubwa alikuwa muungwana. Alikumbuka. Aliinua fimbo juu, akajaza kifua.

"Kichwa!"

Mpira ulianguka kando ya Dalacha. Dalacha aliunusa, akaendelea kula. Hirbo hakutikisika. Dabasso alipumua, akamgeukia Koplo, akaanza hata kutabasamu. Mapatano yalikuwa ya kiume kabisa. Ila yalimfunga mkubwa peke yake, na hakuna mtu aliyekumbuka kufuta neno la zamani kwenye kopi yake.

Nyuma ya mkubwa, amebeba mfuko wa ngozi, amevaa soksi ndefu mpya, Kaboni naye aliinua mkono kaskazini, akalitoa neno kama alivyolisikia siku ya kwanza, na safari hii halikufifia hata kidogo:

"Foooraaa!"

Hirbo alishusha mguu. Alimtazama mkubwa, akautazama mkono wa karani, akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka na serikali lakini afanye nini. Akapiga mluzi. Dalacha aliinua kichwa, akageuka, na wenzake wakamfuata.

"Hirbo!" Dabasso alikuwa ameshaanza kukimbia, koti linapepea, kiatu kimoja kimebaki nyuma. "Hirbo, wewe! Mkubwa hajasema! Ni Kaboni! Ni Kaboni tu!"

Sadia hakungoja kuona nani atamfikia nani. Alijifunga leso, akarudi kibandani, akabandika maji ya turungi.